Nyuki wa visiwani Ssese: waliruka, walipanda boti, au walikuwepo?

#1 Mrina_Bugala
Wadau, salamu. Nafuga nyuki Bugala, kisiwa cha Ssese, Ziwa Victoria upande wa Uganda, huu mwaka wa sita, mizinga kumi na minne. Mwezi wa tatu nilipeleka mizinga miwili mitupu kwenye kisiwa kidogo upande wa mashariki, kisiwa ambacho unakizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Nikaipaka nta na mchaichai ndani, nikaitundika kwenye mti, nikarudi. Mpango ulikuwa nije baadaye na bumba langu (kundi la nyuki) kutoka huku.

Jumapili nimefika, mmoja una wenyewe. Nimeweka sikio ubaoni, mvumo kama jenereta ya mbali. Wavuvi wa pale wanaapa hawajawahi kuona nyuki kwenye kisiwa chao, wanajua sami tu, wale nzi wadogo wa ziwani.

Msimamo wangu: nyuki havuki ziwa. Chakula chake cha safari ni tumbo moja la asali, likiisha anaanguka majini na samaki ngege anashukuru. Kwa hiyo kuna mtu aliwaleta. Nani, na lini?

#2 BodaMasaka
Nimekaa siti ya mbele, karanga ninazo.

#3 Nahodha_Kasenyi
Mrina, unatafuta mtu wakati mtu ni mimi. Boti zetu zinabeba kila kitu: mbao, makaa, magodoro, mbuzi, kreti za soda, mabati. Kuna siku tulipakia mbao alfajiri, kimya kabisa, baridi. Jua lilipopanda katikati ya maji zikaanza kutoka nyuki, moja moja, kwenye tundu la ubao. Abiria wote wakahamia mbele, boti ikainamisha pua kama ng'ombe anayekunywa maji. Nilikata mwendo, nikasimama nyuma peke yangu na injini na nyuki. Tulipofika mwaloni hakuna aliyetaka kushusha zile mbao. Zililala pale siku mbili. Siku ya tatu nyuki hawapo. Wamekwenda wapi kama si msituni?

Hakuna aliyewaleta kwa kupanga. Wamekuja bila nauli.

#4 Mkerewe_Halisi
Mimi niko ng'ambo, kisiwa cha Ukerewe, Tanzania, lakini ziwa ni moja. Mleta uzi umekosea pale mwanzo. Nyuki mmoja anayetafuta chakula huwa haendi mbali, mara nyingi ndani ya kilomita 3, akizidi sana 10. Hiyo ni ya kwenda na kurudi. Bumba linalohama halirudi! Kabla ya kuondoka wote wanajaza matumbo asali ya nyumbani, na nyuki wetu wa Afrika wakihama kwa njaa wanakwenda makumi ya kilomita, wanapumzika kwenye mti, wanaendelea. Ssese ni visiwa 84, ni ngazi. Anaruka hapa, anatua pale.

Mfano: wale nyuki wa Kiafrika waliosambaa Amerika Kusini walifika kisiwa cha Trinidad mwaka 1979. Kutoka Venezuela pale ni kama kilomita 11 za maji, na katikati kuna visiwa vidogo. Nani aliwabeba?

#5 Mrina_Bugala
Mkerewe asante, lakini nikujibu kwa mfano wa baharini pia. Kangaroo Island, Australia. Walipeleka nyuki wa Liguria kutoka Italia mwaka 1884, mwaka 1885 wakaweka sheria nyuki wengine wasiingie. Mpaka leo wanajivunia kwamba mbegu ile haijachanganyika. Kutoka bara ni kama kilomita 14 tu, na bara imejaa nyuki wa kila rangi. Miaka zaidi ya 130 hakuna bumba lililovuka likaharibu mbegu? Kilomita 11 wanaweza, 14 hawawezi?

#6 Mkerewe_Halisi
Hao ni nyuki wa Ulaya, wanapenda kukaa. Mzungu anajenga nyumba ya mawe, babu yangu alihama kila mvua ikikosea. Nyuki nao hivyo hivyo.

#7 Afande_Mstaafu
Vijana, nimesoma. Hao nyuki wa Brazil walitoka hapa hapa Uganda, nakumbuka tuliambiwa kambini. Mzungu mmoja akaja akachukua malkia wetu, wakatoroka, wakaua watu kule. Kwa hiyo tuna historia ya kusafirisha nyuki, si ajabu Ssese.

#8 Ticha_Bayo
Shikamoo Afande. Hapo nikusahihishe kidogo. Aliyewachukua ni Warwick Kerr, na ni Mbrazil, mtaalamu wa jenetiki. Mwaka 1956 alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika. Mwaka 1957, karibu na Rio Claro, makundi 26 yakatoka na malkia wao. Kufikia Oktoba 1990 walishaingia Texas. Uganda hatumo kwenye hiyo kesi, labda kama shahidi.

Na uwezo wa mtu kupeleka nyuki mbali tusiudharau. Marekani kote hakukuwa na nyuki hawa wa asali kabla ya wazungu. Australia walifika Sydney 1822 kwa meli. Hawaii 1857. New Zealand 1939, dada mmoja mmishonari alivuka nao kutoka Uingereza.

#9 Hajati_Entebbe
Ticha na wewe! 1939 vita ya Hitler, mmishonari gani anabeba nyuki? Ni 1839. Mary Bumby, alifikia Hokianga kwenye misheni ya Mangungu. Unasahihisha mzee wa watu halafu unakosea miaka mia.

#10 Afande_Mstaafu
Marahaba Ticha. Hajati, Mungu akuweke.

#11 Ticha_Bayo
Kidole kiliteleza. 1839, nakubali.

#12 BodaMasaka
Karne nzima iliteleza kwenye kidole 😂😂

#13 Mama_Kasimu_Arua
Nyie mnaosema "mtu alileta" kana kwamba ni kubeba kuku, mmewahi kuvuka na mzinga? Mimi nimewahi. Niwasimulie mpate akili.

Kwetu Arua asali ni chakula cha nyumbani, nimekulia chini ya mizinga ya magogo. Nikaolewa, mume akahamia kisiwa cha Buvuma kwa kazi ya mukene (dagaa). Nikasema siwezi kuishi bila nyuki wangu. Kuna mradi ulikuwa umegawa mizinga ya kisasa, mimi nikapata mmoja, ukaingia nyuki vizuri huku bara. Siku ya kuhama nikafanya kama mama alivyonifundisha: ngoja giza, nyuki wote warudi ndani, ziba mlango na majani mabichi, halafu udongo juu yake. Nikafunga gunia mara mbili. Nikamwambia nahodha ni mtama.

Usiku tulivu, mwezi, maji kama kioo. Ile mizinga ya mradi nadhani iligongewa misumari mifupi, maana injini ilivyokuwa inatetema, ubao wa chini ukaanza kuachia. Kwanza nilisikia joto mkononi. Nyuki wakifungiwa wanapandisha joto, gunia lilikuwa kama mtoto mwenye homa. Kisha nikahisi kitu kinatembea kwenye kifundo. Nikanyamaza. Nikasema Ya Rabi, tufike tu. Kijana aliyekaa karibu yangu akasema "Mama, mtama wako unanguruma."

Dakika moja baadaye watu wawili wako majini na laifujaketi zao, mmoja anaimba wimbo wa kanisani, mwingine anatukana kwa Kijaluo. Nahodha akazima taa. Akili nyingi yule, maana gizani nyuki hawaruki, wanatambaa tu. Lakini kutambaa nako! Wanaingia kwenye mikono ya shati, kwenye nywele. Nilitumbukiza gunia lote ziwani. Nililia kuliko siku ya harusi.

Kwa hiyo mkiniambia babu fulani alivuka na nyuki kwa mtumbwi wa kasia, sikatai. Kasia halitetemi. Ila mwambieni alikuwa na moyo.

#14 Nahodha_Kasenyi
Mama Kasimu tangu leo mtama kwenye boti yangu tunaukagua kwa sikio.

#15 BodaMasaka
"Mama, mtama wako unanguruma" nimeanguka hapa stendi, abiria ananiangalia.

#16 Mjukuu_wa_Bubembe
Mnazunguka sana. Kisiwa cha Bubembe ndiko alikokuwa na hekalu Mukasa, mungu mwenye ziwa. Watu wa bara walikuwa wanavuka kuleta vitu kwake tangu enzi za makabaka, wafalme wa Buganda. Mnadhani walileta mbuzi tu? Asali ni kitu cha heshima, inachanganywa kwenye pombe, inapelekwa kwa wakubwa. Anayekula asali mwaka mzima ataleta na omuzinga wake. Kwa hiyo ni watu, lakini watu wa zamani sana, si magunia ya makaa.

#17 Hajati_Entebbe
Kuletwa asali na kuletwa nyuki ni mambo mawili, mjukuu. Mimi naleta samaki kutoka kwenu kila wiki na sina ziwa nyumbani.

#18 Mjukuu_wa_Bubembe
😅 Hajati leo umekula nini.

#19 Mstaafu_wa_Afya
Naomba niingize jambo mlilolisahau. Visiwa hivi vilihamwa. Ugonjwa wa malale uliingia mwanzoni mwa karne iliyopita, ukaua watu zaidi ya 200,000 kando ya ziwa. Gavana Hesketh Bell akaanza kuwaondoa watu ufukweni mwaka 1906, na kufikia 1909 zamu ikawa ya visiwa. Ssese ikabaki na mbung'o na miti. Watu walianza kurudi miaka ya 1920.

Sasa fikirieni. Mtu unapohamishwa kwa amri unabeba mtoto, sufuria na mkeka. Mizinga ya magogo juu ya miti nani anaibeba? Zaidi ya miaka kumi nyuki walibaki bila mrina, bila moto, msitu unafunga mashamba. Ndiyo hao wa mwituni mnaowaona. Babu yangu aliporudi, anasema bibi, walikuta asali kwenye kila mti wenye tundu.

#20 Mrina_Bugala
Mzee hii imenigusa. Kwamba waliachwa. Lakini bado nani aliwaleta hao walioachwa?

#21 Ticha_Bayo
Sikilizeni basi na hii, na miaka nimeihakiki mara tatu, Hajati. Ziwa letu lilikauka. Wataalamu walitoboa tope la chini ya ziwa wakakuta tabaka la udongo mkavu wenye mizizi ya nyasi. Kama miaka 15,000 iliyopita mahali penye boti ya Nahodha palikuwa mbuga. Ziwa lenyewe si refu kwenda chini, kama mita 80 tu pale panapozidi. Ssese wakati huo haikuwa visiwa, ilikuwa vilima. Nyuki aliruka kilimani kama anavyoruka kilima chochote. Maji yakarudi yakamzunguka. Hakuna aliyeletwa wala aliyevuka. Swali la mleta uzi limekaa kinyume: si nyuki waliokwenda kisiwani, ni kisiwa kilichowakuta nyuki.

#22 Mkerewe_Halisi
Hii nzuri kwa Bugala, Ukerewe, visiwa vyenye msitu. Lakini kile cha Mrina unakizunguka chai ikiwa moto. Nyuki walikaa pale miaka 15,000 wakijificha wavuvi wasiwaone?

#23 Ticha_Bayo
Hapo umenishika.

Na kuna sababu kubwa kwa nini kisiwa kidogo hakiwezi kutunza nyuki peke yake muda mrefu. Malkia bikira anatoka kwenda kupandwa hewani na madume 10 hadi 20, halafu harudii tena maisha yake yote. Yai lisilorutubishwa ni dume. Yai lililorutubishwa linakuwa jike ikiwa alama ya jinsia kutoka kwa mama na kutoka kwa baba zinatofautiana. Zikifanana, mtoto anakuwa dume la bandia, na vibarua wanamtambua angali jana (buu) mdogo wanamla. Kisiwani mkiwa na makundi mawili matatu ya ukoo mmoja, alama zinafanana mapema. Unafungua sega unakuta majana yana mapengo, kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Kundi linapungua, linakufa.

Ndiyo maana Wajerumani wanaotaka mbegu safi wanapeleka malkia kwenye visiwa vya Bahari ya Kaskazini, na madume waliochaguliwa tu. Kisiwa ni kitanda kizuri cha ndoa iliyopangwa, lakini bila kuingiza damu mpya, ukoo unakwisha.

#24 Mrina_Bugala
Ticha umenitisha. Sikusema mwanzoni: ule mzinga niliufungua. Masega matano, mawili yana asali imefunikwa nta nyeupe, matatu ya majana. Na majana yana mapengo. Nilidhani ni malkia mzee.

#25 Mama_Kasimu_Arua
Au nondo wa nta. Uliona nyuzi kama buibui?

#26 Mrina_Bugala
Hapana mama, safi.

#27 Mama_Kasimu_Arua
Siafu? Wakipita usiku nyuki wanabeba roho zao, wanaacha majana yanaliwa.

#28 Mrina_Bugala
Nilipaka grisi kwenye waya. Siafu hawajapanda.

#29 Mkerewe_Halisi
Au bumba limefika juzi tu na malkia bado hajashika kasi. Hiyo inaniunga mkono mimi. Wametoka safari, wamechoka, anataga kidogo kidogo.

#30 Nahodha_Kasenyi
Au wameshuka kwenye mbao zangu wawili watatu, wa ukoo mmoja, ndiyo maana wanakulana watoto. Hiyo inaniunga mkono mimi.

#31 Afande_Mstaafu
Kila mtu anaungwa mkono na pengo lile lile. Hii ni kama mahakama ya kijeshi niliyowahi kukaa.

#32 Dada_wa_Kasuku
Samahani naingia kwa upande. Mnashangilia nyuki kuingia kila kisiwa, lakini wana gharama. Kangaroo Island hiyo hiyo nyuki wanaingia kwenye matundu ya miti ambayo kasuku weusi wa pale wanatagia. Sisi Ssese tuna kasuku wa kijivu, na matundu yanapungua kila msitu ukigeuka michikichi. Mrina, weka mizinga mingi basi, wasigombanie mti na ndege.

#33 Mrina_Bugala
Dada, hapa nyuki na kasuku wote walikuwepo kabla yangu, wamezoeana. Kule Australia nyuki ni mgeni. Lakini la michikichi ni kweli. Upande wangu wa Bugala, tangu msitu uondoke, bumba linaondoka kwangu kila kiangazi. Labda ndio hao hao nimewakuta kule kisiwani! Nimewafuata nyuki wangu mwenyewe kwa boti nikawawekea nyumba ya pili.

#34 Hajati_Entebbe
Kama mume.

#35 BodaMasaka
HAJATI 😭

#36 Ticha_Bayo
Hilo linaweza kupimwa hata bila maabara. Mrina, wale wa kwako wana rangi gani mgongoni? Wa kisiwani je? Wakiwa tofauti kabisa, hawakutoka kwako. Wakifanana, haithibitishi kitu, lakini itakusumbua usiku.

#37 Mrina_Bugala
Wa kwangu wana njano nyingi. Wa kule sikuangalia, nilikuwa naangalia mapengo. Na mkono ulikuwa umevimba.

#38 Mfugaji_Mbarara
Nimesoma kurasa zote, asanteni. Swali dogo: huo utitiri wa varoa, kidudu kinachonyonya nyuki, visiwani upo? Nasikia New Zealand uliingia 2000, Hawaii 2007, Australia 2022 hata na ulinzi wao wote.

#39 Ticha_Bayo
Huku Afrika Mashariki upo, lakini nyuki wetu wanaishi nao bila dawa. Wanajisafisha, wanahamahama, hawampi nafasi. Kisiwa cha Man karibu na Uingereza hauna, na Ouessant ya Ufaransa hauna, ndiyo maana wanavilinda kama mboni. Na angalia: New Zealand, Hawaii na Australia utitiri haukuruka wenyewe. Labda ulipanda meli.

#40 Nahodha_Kasenyi
ULIPANDA MELI. Mmesikia? Nafunga uzi.

#41 Mkerewe_Halisi
Utitiri hauna mabawa Nahodha, ulitaka uje na nini.

#42 Mzungu_wa_Jinja
Mbona hakuna aliyeuliza kisiwa cha Migingo? Pale ni mabati juu ya jiwe, hakuna ua hata moja. Nyuki wapo?

#43 Nahodha_Kasenyi
Wapo kwenye kreti za soda. Kila kiosk. Wanakunywa sukari kuliko watoto. Wanatoka wapi, kisiwa cha jirani au bara, sijui, lakini jioni hawalali pale, nimeangalia.

#44 Mkerewe_Halisi
"Jioni hawalali pale." Kwa hiyo wanaruka maji asubuhi na wanaruka maji jioni. Nahodha asante kwa ushahidi.

#45 Nahodha_Kasenyi
Jirani yake Usingo unaiona kwa macho, ni mtupo wa jiwe.

#46 Mkerewe_Halisi
Maji ni maji.

#47 Mama_Kasimu_Arua
Mrina usiwaachie hawa. Ukirudi, nenda saa nne asubuhi, siku ya jua, moshi wa kinyesi cha ng'ombe mkavu, si plastiki. Angalia rangi. Angalia mapengo kama yamejaa. Halafu kaa ufukweni upande wa upepo, tazama juu. Kama wanavuka utawaona, nyuki akirudi na mzigo anaruka chini chini, anaonekana.

#48 Mrina_Bugala
Nakwenda Alhamisi na boti ya mukene, Mungu akipenda. Nitaleta picha.

#49 BodaMasaka
Ijumaa sasa. Picha?

#50 Hajati_Entebbe
Mwacheni, labda bado anazunguka kisiwa, chai haijapoa.

#51 Mrina_Bugala
Nimerudi jana usiku, simu ilikuwa imelowa. Mzinga ni mtupu. Asali wamekula yote, masega yamebaki, hakuna nondo, hakuna siafu, hakuna maiti hata moja. Wameondoka wenyewe. Mvuvi mmoja anasema aliona "wingu dogo" likielekea juu ya maji asubuhi ya Jumatatu. Nikamuuliza upande gani. Akanyoosha mkono Bugala, mwenzake akanyoosha Tanzania.

#52 Mkerewe_Halisi
Karibuni.

#53 Nahodha_Kasenyi
Jumatatu asubuhi nilikuwa pale nashusha mabati. Ngoja nikakague boti.